Kuchomeka matangazo kwenye TV ya mtandaoni: seva ifanye, simu ifanye, au zigawane kazi?

Mkondo wa TV unaotoka Dar es Salaam kwenda mtandaoni unafika Mwanza, Muscat na Minneapolis karibu kwa wakati mmoja, na watazamaji wote watatu wanaoneshwa tangazo lilelile la duka la vigae la Kariakoo. Wa Mwanza huenda akapiga simu. Wale wawili hawana la kufanya nalo, na kituo kimetumia dakika mbili za macho yao bila kupata chochote. Kuchomeka matangazo kwa walengwa ni dawa ya hasara hiyo: kipindi kinabaki kimoja kwa wote, lakini yakifika mapumziko kila mtazamaji anawekewa tangazo linalomhusu. Wa Minneapolis anaona kampuni ya kutuma pesa nyumbani, wa Muscat anaona nauli za ndege, wa Mwanza anabaki na vigae vyake.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na seva kabla video haijamfikia mtazamaji. Inaweza kufanywa na simu yenyewe. Au seva na simu zinaweza kugawana. Wauzaji wa mitambo hulinganisha njia hizi wakimfikiria mtu wa Ulaya au Marekani, mwenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa megabaiti na TV kubwa ukutani. Mimi nazilinganisha nikimfikiria mtu mwenye simu ya Android ya bei ya chini na bando la siku. Ukianzia kwa mtu huyo, majibu hubadilika.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda asilazimike kufika chini. Kituo cha Afrika Mashariki kinachorusha mubashara kianze na uchomekaji wa kwenye seva. Kwa vipindi vilivyorekodiwa, vya mtu kuchagua na kutazama muda wake, uchomekaji wa kwenye simu unatosha na ni nafuu. Njia ya kugawana ndiyo yenye mbele nzuri zaidi, lakini inamfaa mwenye programu yake ya simu na watu wa kuitunza.

Bila alama, hakuna njia itakayofanya kazi

Kabla ya kulinganisha chochote, kagua kama mkondo wako una alama za kukatia. Mashine haijui kwamba mtangazaji amesema "usiende mbali". Inahitaji kuambiwa mapumziko yanaanza wakati gani na yatadumu muda gani. Kwenye TV za kebo za Marekani, enzi za analogia, ishara hiyo ilikuwa milio kama ya vitufe vya simu iliyofichwa kwenye njia ya sauti. Tangu 2001 kuna kiwango cha SCTE 35 (SCTE ni chama cha wahandisi wa TV za kebo cha Marekani), ujumbe mdogo unaosafiri ndani ya mkondo wa kidijitali na kutaja wakati kwa saa inayogonga mara 90,000 kwa sekunde. Mfumo wa kupangia vipindi hutuma amri kwa enkoda, mashine inayobana picha na sauti kuwa mkondo wa kidijitali, kwa kiwango kingine, SCTE 104, na enkoda huigeuza kuwa SCTE 35.

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na si kwa kosa la muuzaji yeyote wa seva. Kituo kinachochukua picha ya mtandaoni kutoka kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI kimeshapoteza alama zote, kwa sababu HDMI haibebi ujumbe huo. Picha inafika ikiwa safi, sauti inafika, lakini mapumziko hayaonekani kwa mashine. Ukitaka kuyapata upya utalazimika kuweka mtu wa kubonyeza kitufe, au programu inayotambua nembo ya mapumziko. Zote mbili ni dhaifu kuliko kuchukua mkondo mapema, pale unapotoka kwenye mfumo wa kurushia, alama zikiwa bado zimo.

Alama pekee haitoshi. Enkoda lazima iweke fremu kamili, yaani picha isiyotegemea zilizotangulia, palepale alama inaposema na kuanza kipande kipya cha video hapo. Isipofanya hivyo, tangazo jipya litachelewa nusu sekunde na mtazamaji ataona mkia wa tangazo la zamani ukitokeza kabla la kwake halijaanza. Alama pia inatakiwa itangulie: kwa kawaida sekunde 4 au zaidi kabla ya mapumziko yenyewe, ili mitambo iwe na muda wa kutafuta tangazo. Kwa taarifa ya habari hilo ni rahisi, mapumziko yamepangwa. Kwa mpira, mwongozaji anayeamua ghafla kwenda mapumziko kwa sababu mchezaji ameumia anahitaji kitufe mezani kwake na mazoezi ya kukitumia.

Kama bajeti yako ya mwaka huu inatosha kitu kimoja tu, rekebisha alama. Kila njia nitakayoieleza hapa chini itakuja kuzitumia.

Simu ikifanya kazi yenyewe

Kwenye uchomekaji wa upande wa simu, pleya, yaani kichezesha video kilicho ndani ya programu au tovuti yako, ndiyo inayofanya kila kitu. Inasimamisha kipindi, inauliza seva ya matangazo, inapokea jibu lililoandikwa kwa VAST, inacheza faili la tangazo, kisha inarudi kwenye kipindi. VAST ni lugha ya pamoja ya matangazo ya video iliyotolewa na IAB, chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni, mwaka 2008, na karibu kila seva ya matangazo inaielewa. Kwa upande wa pleya, Google hutoa maktaba yake ya IMA, msimbo ulioandikwa tayari, ambayo mtengeneza programu anaweza kuiunganisha bila kujenga mambo kutoka chini.

Faida zake ni za kweli. Kuanza ni nafuu, kwa sababu huhitaji seva yoyote mpya katikati ya njia ya video. Tangazo linaweza kuwa na kitufe: mtazamaji akabonyeza na kufungua WhatsApp ya duka, au ukurasa wa kuagiza. Upimaji ni mzuri pia, kwa kuwa simu yenyewe ndiyo inayotoa taarifa kwamba tangazo limeanza, limefika robo, nusu, limeisha, au limerukwa. Mwenye tangazo anayelipia kwa kila mtu aliyeona anaipenda hesabu ya namna hiyo.

Kasoro zinaanza pale mkondo unapokuwa mubashara. Kipindi kilichorekodiwa kinasubiri. Mpira hausubiri. Tangazo la sekunde 30 likichukua sekunde 36 kwa sababu mtandao umezubaa, pleya ina uamuzi mmoja kati ya miwili: kumrusha mtazamaji mbele na kumkosesha sekunde sita za mchezo, au kumwacha nyuma ya wenzake hadi mwisho. Jirani akishangilia bao ambalo wewe hujaliona, umejua ni uamuzi upi ulifanyika.

Kuna jambo la kifaa pia. Ili kuvuka kutoka kipindi kwenda tangazo bila skrini nyeusi, pleya inapaswa kuandaa video ya pili wakati ya kwanza bado inacheza. Vifaa vingi vya bei ya chini, simu na visanduku vya TV, haviwezi kufungua video mbili kwa pamoja. Matokeo ni kuganda kwa sekunde moja au mbili kila unapoingia na kutoka kwenye mapumziko. Mtu wa simu ya bei kubwa haoni tatizo, na kwa bahati mbaya mara nyingi ni simu yake inayotumika kwenye maonesho ya muuzaji.

Wauzaji wa seva hutaja sana programu za kuzuia matangazo kama sababu ya kukimbia njia hii. Ni kweli kwamba kwenye kivinjari cha kompyuta kizuizi kinatambua anwani ya seva ya matangazo na kuifunga. Lakini kwa kituo ambacho watazamaji wake wako kwenye programu ya simu, hoja hiyo ina uzito mdogo. Nisingelipia mtambo mkubwa kwa sababu hiyo peke yake.

Seva ikishona kabla

Kuelewa njia ya pili inabidi kujua video ya mtandaoni inavyosafiri. HLS, ambayo Apple waliitoa mwaka 2009, na DASH, iliyochapishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, zote hukata video vipande vya sekunde chache, kisha huandika faili dogo la orodha linaloiambia pleya vipande viko wapi na vifuatane vipi. Kwenye mkondo mubashara pleya hurudia kuisoma orodha hiyo kila baada ya sekunde chache ili ijue kipande kipya kimetoka.

Seva ya kuchomeka hukaa kwenye orodha hiyo. Ikikuta alama ya mapumziko inauliza seva ya matangazo mtazamaji huyu apewe nini, inaondoa vipande vya mapumziko ya kituo na kuweka vipande vya tangazo lililochaguliwa. Mtu wa Mwanza na wa Minneapolis wanapewa orodha tofauti, ila vipande vya kipindi ni vilevile kwa wote na vinaendelea kuhifadhiwa karibu na watazamaji kama kawaida. Pleya haijui kama kuna kilichobadilishwa, isipokuwa mstari mmoja wa kuitahadharisha kwamba mfuatano umekatika. Simu inaendelea kucheza video moja. Haihitaji kufungua ya pili, haihitaji maktaba nzito, na pleya ya kawaida kabisa inatosha.

Huduma za aina hii zipo za kukodi. Yospace ya London imeifanya kazi hii miaka mingi na ilinunuliwa na RTL Group mwaka 2019. Amazon walizindua MediaTailor Novemba 2017. Google wana yao, iliyounganishwa na seva yao ya matangazo.

Gharama yake imejificha kwenye hesabu ya orodha. Orodha ya kawaida ni moja kwa watu wote, hivyo mtandao wa kusambazia, wa seva zilizo karibu na watazamaji, unaihifadhi na kuigawa bure bure. Ukishampa kila mtu orodha yake, hakuna cha kuhifadhi. Chukua watazamaji 50,000 wa pambano la watani wa jadi, na vipande vya sekunde 6. Kila simu inaomba orodha mara 10 kwa dakika, kwa hiyo seva inapokea maombi 500,000 kwa dakika, zaidi ya 8,000 kila sekunde, na kila jibu linatengenezwa upya. Juu yake, mapumziko yakianza, simu zote 50,000 zinahitaji uamuzi wa tangazo ndani ya sekunde hizohizo 6. Seva ya matangazo isiyozoea mmiminiko wa namna hiyo hushindwa kujibu kwa wakati, na mapumziko yanapita bila kuchomekwa kitu. Huduma nzuri hutatua hili kwa kuomba matangazo mapema, dakika chache kabla, na kuyaweka tayari. Muulize muuzaji swali hilo moja kwa moja. Duniani viwango vimeshafika mbali: Julai 2019, nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kati ya India na New Zealand ilikusanya watazamaji milioni 25.3 kwa wakati mmoja kwenye Hotstar, huduma ya video ya India. Hakuna kituo chetu chenye umati huo, lakini hata umati mdogo ukifika kwa pamoja unaangusha seva isiyoandaliwa.

Jambo la pili ni mahali seva ilipo. Kila ombi la orodha linasafiri hadi kwenye seva na kurudi. Mtazamaji wa Arusha akihudumiwa kutoka Ireland, kuanza kwa video na kurudi kutoka mapumziko kutakuwa kuzito kuliko akihudumiwa kutoka Nairobi au Cape Town. Bei ikiwa sawa, chagua aliye karibu.

Jambo la tatu huwashangaza wengi siku ya kwanza. Tangazo jipya likija, seva inapaswa kuligeuza kwanza liwe na viwango vilevile vya picha na sauti kama kipindi. Mpaka ligeuzwe haliwezi kuchomekwa, kwa hiyo mara ya kwanza linapoitwa kwa kawaida hurukwa. Ukiwa na kampeni ya siku moja tu, peleka matangazo jana yake.

Wakati seva haina tangazo la kumpa mtazamaji, inaacha mapumziko ya kituo yaendelee kama yalivyo, na huo ndio utaratibu mzuri. Usikubali mpangilio unaojaza nafasi kwa picha ya "tutarejea punde" na muziki wa kujirudia. Tangazo la vigae lina faida kuliko hiyo, hata Minneapolis.

Njia ya kugawana

Mwaka 2021 Apple waliongeza kwenye HLS utaratibu wa vichomekwa ambao unabadilisha mgawanyo wa kazi. Orodha ya kipindi inabaki moja kwa watu wote. Ndani yake kunaandikwa tu kwamba wakati fulani kuna mapumziko, na anwani ya kuomba orodha ya matangazo ni hii. Pleya ya kila mtu inaomba ya kwake, inacheza, kisha inarudi kwenye kipindi mahali ilipoelekezwa. Seva inaweza hata kusema tangazo lisirukwe, au mapumziko yasizidi muda fulani hata kama tangazo halijaisha.

Ukiiweka pembeni ya zile mbili, utaona inachukua chema cha kila upande. Orodha kuu inahifadhika, hivyo ile hesabu ya maombi 8,000 kwa sekunde inatoweka na kubaki maombi ya wakati wa mapumziko tu. Simu inajua hili ni tangazo, kwa hiyo kitufe cha WhatsApp kinarudi na upimaji unarudi. Na kwa kuwa tangazo linakuja kwa vipande kama kipindi, pleya inaweza kuliandaa mapema bila fujo ya maktaba mbili zinazogombea skrini.

Tatizo ni uwezo wa pleya. Vifaa vya Apple vinaielewa tangu mwanzo, lakini hapa kwetu si ndivyo vilivyo mikononi mwa wengi. Kwenye vivinjari, pleya ya hls.js imeipokea kuanzia toleo la 1.6, na kwenye Android, maktaba ya pleya ya Media3 nayo imeanza kuitumia. Hiyo ina maana kwamba ukiwa na programu yako mwenyewe na mtaalamu wa kuisasisha, mlango uko wazi. Lakini mtazamaji asiyesasisha programu kwa sababu kusasisha kunakula bando atabaki na pleya ya zamani, ataona mapumziko ya kawaida ya kituo, na hatahesabika. Kwa upande wangu hilo linavumilika, kwa kuwa halimharibii mtazamaji chochote. Kwenye TV janja za zamani hali ni ngumu zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye programu yenye watazamaji wengi: anza na seva, lakini usaini mkataba wa muda mfupi, na uhakikishe mtoa huduma anatoa zote mbili, ya seva na ya kugawana, ili uweze kuhama kifaa kwa kifaa.

Kumwachia YouTube

Vituo vingi hurusha mubashara kupitia YouTube na kuacha uchomekaji wote mikononi mwake. Siidharau njia hii. Huna seva ya kulipia, matangazo yanalengwa kwa nchi ya mtazamaji, na mgawo wa mwenye maudhui kwa matangazo ya kwenye ukurasa wa video ni asilimia 55. Kwa kituo kidogo cha mkoa, hesabu hiyo hushinda kila kitu nilichoandika hapo juu.

Unachopoteza ni uhusiano. Huwezi kumuuzia mfanyabiashara wa Muscat nafasi ya kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa watazamaji wa Oman tu, kwa bei mliyokubaliana wenyewe. Huchagui tangazo gani liingie kwenye kipindi cha watoto kwa undani unaoutaka. Kituo chenye timu ya mauzo inayoweza kupata hata wateja wachache wa nje, kampuni za kutuma pesa, wauzaji wa viwanja wanaowalenga walio ughaibuni, mashirika ya ndege, kinaweza kupata zaidi kwa mkondo wake chenyewe. Kisicho na timu hiyo kibaki YouTube, kwa sababu mtambo wa kulenga bila matangazo ya kuchomeka ni gharama tupu.

Bando la mtazamaji

Hili ndilo linalonisukuma kupendelea seva, na ajabu ni kwamba halitajwi sana kwenye vipeperushi. Mtazamaji anayeangalia kipindi kwa kilobiti 400 kwa sekunde kwa sababu mtandao wake ni dhaifu, au amechagua mwenyewe kubana, akichomekewa tangazo la sekunde 30 kwa seva atalipata kwa kiwango hichohicho: kama megabaiti 1.5. Kwenye uchomekaji wa simu, mara nyingi tangazo huja kama faili moja zima. Likiwa la megabiti 4 kwa sekunde, sekunde 30 hizo zinakula megabaiti 15. Mapumziko yenye matangazo manne ni megabaiti 60 kwa 6. Mtu anayenunua bando la siku anaiona tofauti hiyo, hata kama hajui imetoka wapi, na jibu lake ni kufuta programu.

Inawezekana kurekebisha. VAST inaruhusu mwenye tangazo kuorodhesha mafaili ya ukubwa tofauti, na pleya ikachagua dogo. Lakini hapo unategemea nidhamu ya kila wakala anayekuletea tangazo. Kwa seva, ni wewe unayeligeuza.

Vivyo hivyo sauti. Kiwango cha Ulaya cha EBU R 128 kinataka wastani wa sauti uwe −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ili tangazo lisipige kelele kuliko kipindi. Seva inayogeuza faili inaweza kusawazisha sauti hapohapo. Simu inacheza ilicholetewa, na saa nne usiku mtoto akiwa amelala, anayelaumiwa ni kituo.

Kulenga hadi wapi, na nani atathibitisha

Wauzaji watakuahidi kulenga hadi kata. Kwa anwani ya intaneti peke yake, usiamini zaidi ya nchi. Mitandao ya simu hupitisha watumiaji wengi kwenye milango michache ya mijini, hivyo anayetazama Kigoma kwa bando anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, na wa Lodwar akaonekana Nairobi. Njia zote tatu zina udhaifu huu. Simu inaweza kuomba ruhusa ya kujua mahali hasa, lakini kumwomba mtu ruhusa hiyo ili tu umwoneshe tangazo la sabuni si haki, na wengi watakataa. Nchi kwa nchi inatosha kuanzia. Fedha kubwa iko kwenye kutenganisha walio ndani na walio nje.

Kwenye kuthibitisha, seva ina udhaifu wake mkubwa kuliko wote. Seva ikituma yenyewe taarifa kwamba tangazo limeonekana, mnunuzi anaona maombi maelfu yanatoka kwenye mashine moja, na ana haki ya kushuku. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya White Ops ilifichua mtandao wa wizi iliouita ICEBUCKET, uliojifanya seva za kuchomeka matangazo na kudai malipo ya watazamaji wa TV ambao hawakuwepo kabisa. Seva yako isipopeleka mbele anwani na aina ya kifaa cha mtazamaji kwa vichwa vya ombi (mistari ya maelezo inayotangulia ombi) vya X-Device-IP na X-Device-User-Agent, wanunuzi wa kimataifa wanaweza kukuhesabu kundi hilo. Bora zaidi, acha seva ishone na simu itoe taarifa ya kuonekana. Huduma nyingi zinaruhusu mchanganyiko huo, na kazi ya ziada kwenye programu ni ndogo.

Haki za michezo na taarifa za watu

Si matangazo tu yanayochomekwa. Kituo kilichonunua haki za kuonesha mechi ndani ya nchi moja kinatakiwa kuwawekea watazamaji wa nje kipindi kingine muda wa mechi. Hapa hakuna mjadala: kazi hii haiachiwi simu. Mkondo ukishafika kwenye kifaa, mjuzi atautoa. Seva ndiyo inayotakiwa kukata kabla, na kiwango cha SCTE 224 kipo kwa ajili ya kuandika masharti hayo kwa lugha ambayo mitambo inaielewa.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya na Uganda zina sheria zao za 2019, Rwanda ya 2021, na ukimlenga mtazamaji aliye Ujerumani unaingia kwenye GDPR, sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi. Maktaba ya matangazo ndani ya simu huzungumza na seva za watu wengine moja kwa moja, na taarifa zinazotoka humo huzioni. Seva yako inakupa mlango mmoja wa kutokea: unaamua nchi itoke, namba ya kifaa ibaki. Natamani vituo vyetu vitumie uwezo huo hata pale ambapo hakuna mkaguzi anayeuliza, hasa kwenye vipindi vya watoto, ambako sioni sababu ya kupeleka taarifa yoyote ya mtazamaji nje.

Ving'amuzi, kwa kifupi

Ulaya kulenga kumefika hadi kwenye TV ya kawaida. Sky ya Uingereza ilianza AdSmart mwaka 2014, ikihifadhi matangazo ndani ya king'amuzi na kuyacheza kulingana na nyumba husika. Ufaransa iliruhusu matangazo ya kulenga kwenye TV kwa amri ya Agosti 2020, na HbbTV, muungano wa TV na intaneti, umeandika kiwango cha TV yenye antena na intaneti kubadilisha tangazo yenyewe. Yote yanahitaji king'amuzi chenye diski au TV iliyounganishwa intaneti muda wote. Kwa nyumba nyingi za kwetu bado si jambo la kupangia bajeti.

Jaribu hivi kabla ya kusaini

Omba muda wa majaribio kwa mkondo wako mwenyewe, si wa maonesho. Chukua simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuipata dukani, weka laini yenye bando dogo, iwashe ikiwa kwenye 3G, kisha tazama mapumziko matano mfululizo ya jioni. Angalia jinsi unavyoingia na, zaidi, jinsi unavyorudi: je, neno la kwanza la mtangazaji limekatwa? Picha imeshuka ubora? Pima megabaiti zilizotumika. Fanya hivyo kwa njia mbili kwa siku moja, programu mbili kwenye simu mbili zinazofanana. Mwombe ndugu au rafiki aliye nje ya nchi atazame saa hiyohiyo akuandikie tangazo gani ameona na saa ngapi.

Asubuhi yake keti na kumbukumbu za seva: mapumziko mangapi yalikuwa na alama, mangapi yaliombewa tangazo, mangapi yalijazwa, na mangapi mtazamaji aliyamaliza. Pengo kati ya namba ya kwanza na ya pili ni la chumba chako cha kurushia. Pengo la pili na la tatu ni la mauzo au la seva ya matangazo. La mwisho ni la njia uliyoichagua.